Chupa ya Ishirini na Nne

Kofia! Wiki nzima nimeulizwa habari ya kofia. Muuza magazeti amenisimamisha njiani, shemeji yangu amepiga simu mara tatu, na kinyozi wangu amekataa kumalizia upande wa kushoto mpaka nimwambie chini ya kofia ile kulikuwa na nani.

Hapakuwa na mtu.

Tulimwacha Kibendera, yule mama anayewatembeza wageni wa meli kisiwani akiwa na kibendera chake cha manjano, ameinama kwenye kiti cha mwisho cha basi ili amwamshe Mzee. Aliinua kofia na kukuta koti limeviringishwa na kuegemezwa dirishani. Hata mkanda wa kiti ulikuwa umefungwa, utadhani koti nalo linaogopa ajali.

"Mzee yuko wapi?" Kibendera aliuliza.

Kwenye kiti cha jirani alikaa binti wa Mzee, mwanamke wa miwani myeusi, tangu asubuhi hajasema maneno kumi.

"Amelala," alisema.

"Dada, hili ni koti."

Kibendera alitazama chini na kuona mkoba wa mwanamke uko wazi. Ndani mlikuwa na chupa mbili za maji, zote hazijafunguliwa.

Hapo Kibendera alikishika kiti cha mbele. Wenzangu, ngoja niwaeleze upesi ili nanyi mtafute pa kushika.

Ofisi yake inakataza kuwahesabu wageni kwa kidole kama mbuzi. Kibendera alijitafutia ujanja wake. Basi lina wageni ishirini na nne, katoni ya maji ina chupa ishirini na nne. Kila kituo anasimama mlangoni na katoni mpya, anayepanda anapewa chupa yake na tabasamu. Katoni ikiisha, watu wametimia, dereva anaondoka. Miaka sita hesabu hiyo haijamwangusha. Wenzake walimcheka mwanzoni, kisha wakamwiga.

Na katika kituo cha tatu, kule Nyumba ya Karantini juu ya kilima, katoni ilikwisha sawasawa.

"Ulichukua mbili," alisema Kibendera taratibu. "Uliniambia moja ni ya baba, eti ameshapanda."

"Ndiyo."

"Nikakupa mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

"Amerudi melini," mwanamke alisema haraka. "Alichoka. Nilimwitia teksi."

"Akaacha kofia na jua lote hili?"

Mwanamke alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Dada yangu, nakuomba. Endelea na safari. Usimtafute."

Usimtafute! Jamani, mtoto aliyezaliwa akalelewa akasomeshwa, leo anasema baba yake asitafutwe. Kibendera aliuvuta mkono wake kana kwamba umeguswa na pasi ya moto.

Ilikuwa saa nane na nusu. Meli ingeng'oa nanga saa kumi na moja jioni, na ngazi hupandishwa nusu saa kabla. Meli haimsubiri mtu. Kibendera huwaambia wageni maneno hayo kila asubuhi kwa mzaha, nao hucheka.

Alimpigia simu mlinzi wa Nyumba ya Karantini.

"Kuna mzee amebaki hapo?"

"Hapa wapi? Mimi niko mjini kwa fundi viatu," mlinzi alijibu. "Nimefunga tangu saa nane. Leo halikuwa linakuja basi jingine."

"Ulikagua vyumba?"

"Vyumba vile vinakaguliwa na nani, mama? Vina nini cha kuibwa?"

Maana yake Mzee amefungiwa. Bila maji, bila kofia, katika nyumba ya mabati yenye madirisha ya nondo.

Mbele, mgeni mmoja mwenye kamera kubwa alianza kugomba. "Mapango je? Tumeahidiwa mapango!"

"Mapango yamekaa hapo tangu dunia iumbwe, hayaendi popote," alisema dereva. Dereva huyu anaitwa Polepole, kwa sababu neno hilo hajawahi kulisikia.

Kibendera alimwita pembeni. "Polepole, wapeleke mapangoni, kisha wapeleke bandarini. Wahesabu kwa macho, viti vyote. Shika hii." Akampa bendera.

"Mimi nina leseni ya usukani, sina ya bendera. Ofisi wakijua, kazi huna."

"Shika."

Alishika. Kibendera akakimbilia teksi. Nyuma yake mwanamke wa miwani alisimama kwenye mlango wa basi akiita, "Dada! Dada!" Hakugeuka. Angegeuka, hadithi hii ingekuwa fupi na mimi ningekosa mkate.

*

Mwenye teksi alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na maswali. Walipofika kilimani ilikuwa saa tisa na dakika tano, na mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli la ukubwa wa ngumi.

"Mlinzi yuko njiani," alisema Kibendera.

"Mlinzi huyu namjua. Njiani kwake ni kesho."

Kibendera alivua viatu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na dirisha la chumba cha kufulia ambalo nondo zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Mwenye teksi alizing'oa mbili, akamsukuma kwa bega, na mama wa watu wa miaka arobaini na saba akaingia kwa dirisha kama mwizi wa sufuria. Sketi ilichanika, na mkono ukachubuka toka kiwiko mpaka kiganja.

Ndani joto lilikuwa la tanuri. Kibendera anaijua nyumba ile kama jiko lake. Kila wiki huwasimulia wageni namna mabaharia wagonjwa walivyoshushwa hapa zamani wapone, meli zao zikaondoka, nao wakabaki wakiandika majina ukutani kwa msumari. Wageni hupiga picha majina. Kisha hupanda basi na kuuliza chakula ni saa ngapi.

"Mzee!" aliita. "Mzee wangu!"

Chumba cha kwanza kitupu. Cha pili kitupu. Cha sita pia.

Katika chumba cha mwisho, juu ya kitanda cha chuma kisicho na godoro, Mzee alikuwa amekaa wima, mfuko magotini, jasho likimtiririka shingoni. Viatu amevipanga pamoja chini ya kitanda. Kwenye shati lake, mahali ambapo kila mgeni hubandikwa namba, ilibaki alama ya gundi tu. Namba ilikuwa imebanduliwa.

Alimtazama Kibendera, uso ukamchanua.

"Kidogo," alisema. "Umechelewa, mwanangu."

Kidogo. Asubuhi ndani ya basi alimwita binti yake hivyo hivyo.

Wasomaji wangu, mama mzazi wa Kibendera alifariki mwaka jana akiwa hamjui mwanawe. Miezi ya mwisho alimwita mpishi, alimwita nesi, siku moja alimwita mwizi. Kibendera alimbishia sana mwanzoni, mpaka akajifunza kwa machozi kwamba aliyesahau habishiwi. Ukimbishia unamwacha peke yake.

"Ndiyo, baba," alisema. "Nimechelewa. Nisamehe. Twende."

"Ulisema nisitoke."

"Sasa nasema tutoke."

"Na mumeo?"

"Anatungoja melini."

Mzee alikunja uso, akakishika kitanda kwa mikono miwili. "Basi mimi nabaki."

Ilichukua dakika ishirini. Alimbembeleza, akamvisha viatu, akamwita baba mara mia. Alipouinua mfuko ili ambebee aliona yaliyomo: sweta, miwani ya kusomea, mkate umefungwa kwenye leso safi, na soksi jozi nne zimekunjwa mbilimbili. Alijiuliza ni mtu wa namna gani anayemtupa baba yake halafu akamkunjia soksi. Swali lilikuwa zuri. Angelikaa nalo kidogo! Lakini saa ilikuwa inakimbia, naye akakimbia na saa.

Mlinzi alitokea wakiwa tayari sebuleni, akafungua kufuli kwa aibu. Saa kumi kasoro dakika kumi walikuwa barabarani.

*

"Saa ya gari lako inachelewa dakika nne," Mzee alisema ghafla.

Mwenye teksi alicheka. "Umejuaje, baba? Huna hata saa mkononi."

"Mimi ni fundi saa. Miaka arobaini na moja nimekaa dirishani na saa za watu." Alinyoosha mikono mbele yake, akaitazama. "Asubuhi ilikuwa inatetemeka. Sasa imetulia. Na kichwa leo chepesi. Sijameza vidonge vya mchana."

"Utameza ukifika, baba," alisema Kibendera.

Mzee alimwangalia kwa muda mrefu, macho yakiwa makavu na makali. Kisha aligeukia dirisha. Kibendera alidhani amechoka.

Karibu na bandari mabasi yote ya wageni yalikuwa yamerudi kwa wakati mmoja, barabara ikafungana. Simu ililia. Ofisi.

"Tumeambiwa bendera anayo dereva?"

"Anayo."

"Kesho usije."

Alikata simu, akafungua mlango, akamshika Mzee mkono. Wakaenda kwa miguu katikati ya magari. Mwenye teksi aliegesha ovyo akawafuata na mfuko, maana ameshakuwa mtu wa msafara.

Saa kumi na dakika ishirini walifika ngazini.

Askari wa lango, kijana mwenye kola iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, alitafuta jina la Mzee kwenye mashine yake.

"Huyu yuko ndani," alisema.

"Yuko ndani vipi, nami nimemshika mkono?"

"Mashine inasema aliingia saa tisa na dakika arobaini. Kadi yake imesomwa."

"Imesomwa mkononi mwa nani?"

Masikio ya askari yalibadilika rangi. Kibendera alimwelewa palepale, kwa sababu na yeye ana katoni yake. Mabasi manne yalishuka pamoja, watu wakasukumana, mwanamke mmoja akatoa kadi mbili na kusema baba ameshatangulia. Askari alihesabu kadi. Akikiri sasa, kesho na yeye asije.

"Waite watoto wake," Kibendera alisema kwa sauti ya chini. "Watamtambua. Hakuna atakayekulaumu."

Wakaitwa.

Wa kwanza kushuka alikuwa mkwe. Huyu hakuja kutembea kisiwani, tangu asubuhi alibaki melini akilalamikia kichwa. Alishuka ngazi mbilimbili, mikono wazi, machozi yakimlengalenga.

"Baba! Baba jamani! Tulijua umelala!" Akageuka kwa Kibendera. "Mama, Mungu akulipe. Leo hajameza hata dawa zake za mchana!" Alikuwa amezibeba, kijisanduku cheupe chenye vyumba vidogo vya asubuhi, mchana, jioni na usiku. Kila chumba kilikuwa kimejaa, ila cha asubuhi.

Kibendera karibu alie. Kumbe katika familia hii yupo mmoja mwenye roho.

Nyuma yake alishuka mwanamke wa miwani myeusi, mkoba begani. Alisimama hatua tatu kutoka kwa baba yake.

"Ni mzee wenu?" askari aliuliza.

"Ndiye!" alisema mkwe.

"Siye," alisema mwanamke.

Foleni nzima iligeuka.

"Mke wangu, unasema nini?"

"Siye baba. Baba amelala chumbani, nimemfunika shuka mwenyewe. Wazee wanafanana." Alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu, na chini ya jicho la kushoto palikuwa na uvimbe alioupaka poda. "Mashine inasemaje?"

"Inasema yuko ndani," askari alijibu, na kwa mara ya kwanza alivuta pumzi.

"Basi yuko ndani."

"Shetani wa mwanamke!" Kibendera alipiga kelele. "Damu nzito kuliko maji! Mtazame usoni umkane!"

Mwanamke alimtazama usoni. "Simjui," alisema. Kisha alitia mkono mkobani, akatoa chupa ya maji, akaiweka kiganjani mwa Mzee na kuvifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja. "Pole, mzee. Kunywa. Jua kali."

Mtu mmoja kwenye foleni alisema angalau ana utu. Kibendera alitaka kuipiga teke chupa ile.

"Mzee," askari alisema, "mwenye neno ni wewe. Mwanao ni nani hapa?"

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Alimtazama mkwe na kijisanduku chake cheupe. Alimtazama mwanamke, macho yakakaa kwenye uso ule muda mrefu, hasa chini ya jicho la kushoto.

Akanyoosha kidole kwa Kibendera.

"Huyu," alisema. "Wale siwajui."

"Hapana! Baba, mimi ni..." Kibendera alijikwaa ulimi. Alikuwa ameshasema baba.

"Kweli kabisa," aliongeza mwenye teksi, kwa nia njema ya kuua. "Njia nzima anamwita baba. Nilimsikia mwenyewe."

Askari alifunga mashine. Sasa alikuwa na hasira ya mtu aliyeponea chupuchupu. "Mama, unataka kumwingiza baba yako melini kwa jina la mgeni? Shukuru siku inaisha, ningekufungulia kesi."

"Mkwe! Sema wewe!"

Mkwe alimrukia Mzee, akamshika mkono. "Huyu ni wetu! Twende, baba!" Wakati huu hapakuwa na machozi. Alimvuta kama unavyovuta mzigo uliokwama, na kijisanduku kikagongana na mfupa wa Mzee.

"Mwachie," alisema askari, akajitia katikati. "Mtu haingii mara mbili. Unapanda au unabaki? Ngazi inapandishwa."

Honi ya meli ililia, ikatikisa mpaka vioo vya lango. Mkwe aliitazama ngazi, akamtazama mkewe. Halafu alitabasamu, akamshika mkewe kwenye kiwiko na kupanda naye. Akiwa juu aliinamisha kichwa na kumnong'oneza kitu sikioni. Mwanamke hakugeuka nyuma.

*

Saa kumi na moja kamili meli iling'oa nanga. Kibendera alikaa na Mzee kwenye benchi la saruji nje ya lango, sketi imechanika, kazi hana, baba anaye. Mwenye teksi alikwenda kutafuta gari lake, ambalo lilikuwa limefungwa mnyororo.

Ndipo Kibendera alipolia. Alilia kwa sauti, bila kujificha.

"Nilitaka kukurudisha kwenu," alisema. "Nimekuharibia. Ungelikuwa na kumbukumbu dakika moja tu, ungelimtambua."

"Nilimtambua," alisema Mzee.

Kibendera alimgeukia.

"Nilimbeba mgongoni mpaka darasa la kwanza. Nitasahauje? Wewe si Kidogo, wewe ni mama mwenye bendera. Nimejua tangu kwenye gari." Alikuwa anaigeuza chupa mikononi. "Lakini alipovifunga vidole vyangu, alivibana mara mbili. Tangu utoto wake, hiyo ni 'nyamaza, baba'. Nikanyamaza. Soma, mama. Miwani yangu iko kwenye mfuko, na mfuko anao mwenye teksi."

Kibendera aliichukua chupa. Karatasi ya chupa ilikuwa imebanduliwa na kubandikwa tena upande mmoja. Aliivuta. Ndani yake, kwa penseli ya nyusi, herufi zilikuwa zimebanana.

*Baba usipande. Vidonge anavyokupa mume wangu si vya presha. Nimeona anavibadilisha. Nilitaka mlinzi akukute, ubaki kisiwani mpaka nipate msaada. Hukubali niuze nyumba na amechoka kungoja. Ukibaki utapona. Nisamehe. Kidogo.*

Kikulacho ki nguoni mwako, na Kibendera alikuwa ametumia mchana mzima, mkono umechubuka, kuirudisha nguo ile mwilini. Alikumbuka mlango wa basi. *Dada! Dada!* Alikumbuka alivyomwita shetani mbele ya watu, na mkwe akisikiliza kila neno.

Asingempeleka Mzee pale langoni, mkwe angelala leo akijua baba yuko chumbani.

"Sasa anajua nani alimficha," alisema.

"Anajua." Mzee alikuwa ameinua uso kuitazama meli, ambayo ilishapita mnara wa mwisho wa bandari. "Inatia nanga tena wapi, na saa ngapi?"

"Bandari nyingine. Kesho saa mbili asubuhi."

Fundi saa alifumba macho, akahesabu kwa midomo.

"Masaa kumi na tano," alisema. "Na vidonge vya mchana, vya jioni na vya usiku, vyote bado anavyo mkwe wangu mkononi."